Asiyekuwepo na Lake Halipo: Minara ya Utangazaji na Walioachwa Nje ya Mawimbi Nchini Australia

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Kwa kawaida methali hii humkanya mtu aliyekosa kuhudhuria kikao ambamo mali iligawanywa. Katika uwanja wa utangazaji, hata hivyo, methali hiyo huchukua sura nyingine, kwa kuwa wapo watu wanaokosa kikao si kwa uzembe bali kwa sababu sauti ya kuwaalika haikuwafikia. Kwa kuwa hawasikii, hawahesabiwi miongoni mwa wasikilizaji. Na kwa kuwa hawahesabiwi, haionekani sababu ya kuwajengea mnara ili wasikie.

Australia ni mfano mwafaka wa kulichunguza suala hili. Ni taifa tajiri, lenye wahandisi stadi na shirika la umma la utangazaji, ABC, lililoanzishwa tarehe 1 Julai 1932. Ikiwa nchi kama hiyo bado ina watu walio nje ya mawimbi, basi tatizo haliwezi kuelezwa kwa uhaba wa fedha na maarifa peke yake. Makala haya yanashikilia kwamba chanzo ni kipimo chenyewe: uenezi wa matangazo hupimwa kwa asilimia ya watu waliofikiwa, ilhali haki ingedai upimwe kwa hali ya wale waliosalia. Aidha, yanashikilia kuwa kufikiwa na mawimbi si sawa na kupewa sauti, na kwamba mnara usiobeba lugha ya watu wanaouzunguka umetimiza nusu tu ya wajibu wake.

Kwanza ni vyema kuitazama nchi yenyewe. Australia ina ukubwa wa kilomita mraba milioni 7.7 hivi, yaani takriban mara kumi na tatu ya Kenya, lakini watu wake ni milioni 27 na ushei tu. Zaidi ya asilimia 80 ya watu hao huishi karibu na pwani, wengi wao wakiwa wamesongamana katika miji mikuu michache. Eneo la Northern Territory, ambalo ni kubwa kuliko mara mbili ya Kenya, lina wakazi robo milioni hivi. Huko ndani, mtu anaweza kusafiri kutwa nzima asipite mji wowote, na ranchi moja ya ng'ombe inaweza kuwa kubwa kuliko wilaya.

Pili, kuna maumbile ya mawimbi. Mawimbi ya runinga na ya redio ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hukoma pale upeo wa macho unapokoma au kilima kinapoyakinga. Ndiyo maana miji mikuu ilitafuta vilele. Melbourne hupata matangazo kutoka Mlima Dandenong, Brisbane kutoka Mlima Coot-tha, Adelaide kutoka Mlima Lofty, nayo Hobart kutoka mlima unaoitwa kunanyi au Wellington. Mawimbi ya masafa ya kati yana tabia tofauti: huambaa juu ya ardhi na kufika mbali zaidi. Kwa sababu hiyo ABC iliweka mitambo yenye nguvu ya kilowati 50 katika sehemu za mashambani, kama vile karibu na Horsham katika jimbo la Victoria na Wagin katika Western Australia, ili mkulima aliye mbali na mji naye asikie taarifa ya hali ya hewa na bei za mazao. Masafa mafupi nayo hupaa hadi tabaka la ayonosfia, yakarudishwa chini umbali wa mamia au hata maelfu ya kilomita. Hayo ndiyo mawimbi ya msafiri, ya baharia na ya mtu wa nyikani.

Kutokana na maumbile hayo, hesabu ya mhasibu hujitokeza yenyewe. Mnara mmoja ulio juu ya Mlima Dandenong huwahudumia mamilioni ya watu. Mnara wa urefu huohuo ukisimikwa jangwani utazihudumia familia chache, pengine chache kuliko wapangaji wa jengo moja la ghorofa mjini. Gharama ya chuma, ya umeme na ya fundi wa kuupanda haipungui. Inayopungua ni idadi ya masikio. Ikiwa kipimo ni asilimia ya watu, mnara wa pili hautajengwa kamwe, au ukijengwa utakuwa wa kwanza kuzimwa siku ya kubana matumizi.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili haliepukiki, kwani nyika ni nyika na chuma kina bei yake. Hata hivyo, historia ya minara ya Australia inaikanusha hoja hiyo. Miongoni mwa minara mirefu kupita yote nchini humo ni ule uitwao Tower Zero, wenye urefu wa mita 387 hivi, uliosimama katika rasi ya North West Cape, mbali kabisa na miji. Mnara huo na minara mingine 12 inayouzunguka ni sehemu ya kituo cha mawasiliano ya kijeshi kilichofunguliwa mwaka 1967, ambacho kazi yake ni kuwasiliana na nyambizi zilizo baharini. Mnara uliouzidi kwa urefu, ule wa Woodside katika jimbo la Victoria, ulikuwa na mita 432 na ulijengwa ili kuziongoza meli na ndege. Ulibomolewa mwaka 2015. Ule wa Black Mountain uliofunguliwa Canberra mwaka 1980, ambao unafahamika na wengi zaidi, una mita 195 tu. Kwa hivyo chuma kilipatikana, na kilifika hata pale ambapo hapakuwa na watu, kwa sababu palikuwa na nia. Penye nia pana njia. Swali la kuulizwa ni nia hiyo huwa kwa ajili ya nani.

Suala la umiliki linazidi kulikoleza jambo hili. Kwa miaka mingi mitambo ya kurushia matangazo ya mashirika ya umma ilikuwa mali ya serikali. Mwaka 1999 serikali iliuza mtandao huo kwa kampuni binafsi kwa dola za Australia milioni 650. Tangu hapo sauti ya umma hupitia katika minara ya mtu mwingine kwa malipo. Si lazima kudai kwamba uuzaji huo ulikuwa kosa. Huenda kampuni husika zimeitunza mitambo vizuri. Lakini kila mnara ulipogeuka kuwa ankara, ilikuwa rahisi zaidi kuulinganisha na idadi ya wasikilizaji wake, na vigumu zaidi kuutetea ule wenye wasikilizaji wachache.

Matokeo ya fikra hiyo yalidhihirika tarehe 31 Januari 2017, ABC ilipozima matangazo yake ya masafa mafupi. Mitambo mitatu iliyokuwa ikiihudumia Northern Territory kutoka Alice Springs, Katherine na Tennant Creek ilinyamaza. Siku hiyohiyo Radio Australia, iliyoanza kutangaza ng'ambo mwezi Desemba 1939, iliacha kusikika kwa masafa mafupi katika Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon, Vanuatu na visiwa vinginevyo vya Pasifiki. Shirika lilieleza kwamba teknolojia hiyo ilikuwa imepitwa na wakati, kwamba wasikilizaji walikuwa wachache, na kwamba dola milioni 1.9 zingeokolewa. Wakati huohuo lilitaja nia ya kupanua redio ya dijitali katika Canberra, Darwin na Hobart.

Ni haki kuipima hoja ya shirika kwa uadilifu. Bajeti yake ilikuwa imepunguzwa, na yeyote anayepunguziwa mlo hulazimika kuacha tonge fulani. Wakazi wengi wa ndani pia walikwisha kuwa na matangazo ya FM mijini mwao au dishi la setilaiti nyumbani. Hata hivyo, waliolalamika hawakuwa watu wa kukaa nyumbani. Walikuwa madereva wa malori yanayovuka nyika, wavuvi walio baharini, walinzi wa mbuga wa asili ya wenyeji, na wachungaji wa ng'ombe wanaolala porini majuma kadhaa. Dishi la setilaiti lililofungwa kwenye paa haliwafuati watu hao. FM ya mjini huwaaga baada ya kilomita chache. Redio ndogo ya masafa mafupi, inayotumia betri mbili, ilikuwa ndiyo chombo pekee kilichosafiri nao. Wao ni wachache, naam. Lakini uchache wao ndio uliowafanya waihitaji. Mtu wa Darwin aliyeahidiwa redio ya dijitali tayari alikuwa na redio, runinga, simu na magazeti. Kumwongezea aliyenacho kwa kile kilichotolewa kwa asiyenacho ni kuyakinisha kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Fauka ya hayo, hata waliomo ndani ya asilimia ya waliofikiwa hawana uhakika wa kubaki humo. Mioto mikubwa ya misitu ya mwaka 2019 na 2020 iliwafundisha Waaustralia somo chungu. Mkesha wa mwaka mpya wa 2020, moto ulikiharibu kituo cha kurushia matangazo kilichoko Mlima Wandera karibu na Batemans Bay, katika pwani ya kusini ya New South Wales, wakati ambapo wakazi walihitaji kuambiwa ni barabara gani iliyokuwa salama. Uchunguzi uliofanywa baadaye na mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo kuhusu mitandao ya simu ulionyesha kwamba asilimia 88 ya hitilafu zilitokana na kukatika kwa umeme, na asilimia moja tu zilitokana na mitambo kuungua. Kwa maneno mengine, minara mingi ilisimama wima, mizima, lakini bubu. Ramani iliendelea kuonyesha kwamba eneo lina mawimbi, kumbe mtu aliyeshika simu mkononi hakuwa na chochote. Katika saa kama hiyo, mtu mwenye redio ya betri aliyepata kituo cha mbali cha masafa ya kati alikuwa tajiri kuliko mwenye simu ya bei ghali.

Hadi hapa mjadala umehusu kufikiwa. Sasa ni wakati wa kugeukia upande wa pili, ambao pengine unawagusa zaidi wanaisimu na wapenzi wa lugha, nao ni upande wa kusikika. Mwaka 1985 setilaiti ya kwanza ya taifa la Australia ilirushwa angani, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kuifikisha runinga kila pembe ya nchi. Wahandisi walishangilia. Wazee wa jamii za wenyeji asilia walishikwa na hofu. Walijua kwamba sanduku hilo lingeingia katika nyumba zao likizungumza Kiingereza asubuhi hadi usiku, na kwamba watoto wangelisikiliza kuliko wanavyowasikiliza bibi na babu zao.

Jamii mbili hazikungoja kuhurumiwa. Katika kijiji cha Ernabella, ambacho leo huitwa Pukatja, watu wasemao Kipitjantjatjara, na huko Yuendumu, watu wasemao Kiwarlpiri, waliunda mitambo midogo ya kurushia picha za runinga na kuanza kutangaza mwaka huohuo wa 1985, bila ya leseni. Walirekodi nyimbo, mikutano, michezo na simulizi za ardhi yao, kisha wakazirusha kwa watu wa kijiji katika lugha ya kijiji. Mtafiti Eric Michaels, aliyeishi na kufanya kazi Yuendumu, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1986, akionyesha kwamba wenyeji hao hawakuipokea runinga tu bali waliibuni upya. Mwaka 1987 serikali ilianzisha mpango wa kuzipa jamii za mbali vifaa vya kupokea matangazo ya setilaiti na, inapohitajika, kuyakatiza ili kuweka vipindi vyao wenyewe. Mwezi Januari 1988 ikafuata Imparja, runinga inayomilikiwa na wenyeji asilia, kutoka Alice Springs. Jina lake linatokana na neno la lugha ya Kiarrernte lenye maana ya nyayo.

Si kwamba kila kitu kilikwenda kama ilivyokusudiwa. Imparja ililazimika kujiendesha kibiashara, hivyo sehemu kubwa ya vipindi vyake ilikuwa ya Kiingereza, iliyotoka katika mitandao ya mijini. Vilevile vifaa vya vijijini viliharibika kwa joto na vumbi, na mafundi walikuwa mbali. Lakini funzo la Ernabella na Yuendumu linabaki palepale. Mtambo mdogo usiofika hata kilomita kumi, unaozungumza lugha ya watu, ulifanya kazi ambayo setilaiti iliyolifunika bara zima haikuweza kuifanya. Uzito wa jambo hili huonekana pale inapokumbukwa kwamba lugha za wenyeji wa Australia zilikuwa zaidi ya 250 wakati Waingereza walipoanza kuhamia huko mwaka 1788, ilhali ripoti ya taifa ya mwaka 2020 ilitaja lugha 123 zilizokuwa bado zikitumiwa, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zikifunzwa watoto kama lugha ya kwanza kwa namna ya kutia moyo. Utangazaji peke yake haukuziua zile nyingine. Utawala wa kikoloni na shule zilizokataza lugha za nyumbani zilifanya kazi hiyo mapema. Lakini utangazaji wa lugha moja huimalizia kazi hiyo kwa upole, bila ya kiboko.

Kuhamia dijitali nako kuliongeza ugumu wake. Uhamaji huo ulianza Mildura mwezi Juni 2010 na kukamilika tarehe 10 Desemba 2013. Mtazamaji wa analojia aliyekuwa mbali na mnara aliona picha hafifu yenye chengachenga, lakini alisikia na kuelewa. Dijitali haina hafifu: ama picha ni safi kabisa ama hakuna kitu. Kwa walioachwa nje, serikali ilianzisha huduma ya setilaiti iitwayo VAST na kuwapa baadhi yao ruzuku ya kununua dishi na king'amuzi. Huo ulikuwa msaada wa kweli, nao unastahili kutajwa. Hata hivyo, kwa utaratibu huo mzigo ulihama. Zamani mnara mmoja ulikuwa jukumu la umma; sasa kila kaya ya nyikani ina mnara wake mdogo juu ya paa, na king'amuzi kikiharibika, hasara ni ya mwenye nyumba.

Wapo pia wanaodai kwamba mjadala wote huu ni wa kizamani kwa vile intaneti imekuja kuiondoa minara. Dai hili ni la kushangaza, kwa sababu simu nayo hutegemea mnara, tena ulio karibu zaidi kuliko wa redio. Mtandao mkubwa zaidi wa simu nchini Australia hujivunia kuwafikia zaidi ya asilimia 99 ya watu. Ni kweli. Lakini theluthi mbili hivi za ardhi ya nchi hiyo hazina mawimbi ya simu kutoka katika minara. Takwimu hizo mbili zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja, na hapo ndipo udanganyifu wa asilimia unapojificha. Kwa aliyeketi Sydney, asilimia 99 ni karibu ukamilifu. Kwa dereva aliyevunjikiwa na gari kati ya Alice Springs na Yuendumu, ni sifuri.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Jibu liko kwenye mawimbi hayohayo. Shirika la SBS, lililotokana na vituo viwili vidogo vya redio vilivyoanza kuwatangazia wahamiaji Sydney na Melbourne mwaka 1975, leo hutoa huduma kwa lugha zaidi ya 60, na Kiswahili kimo. Mkimbizi kutoka Kongo au Burundi aliyepewa makazi Australia huweza kusikia habari za nchi yake mpya katika lugha anayoielewa. Wasemaji wa Kiswahili huko ni wachache. Kwa kipimo cha idadi peke yake, kipindi chao kisingekuwapo. Kipo kwa sababu wakati fulani wenye mamlaka walikubali kanuni nyingine: kwamba mtu huhesabiwa kwa haja yake ya kuelewa, si kwa wingi wa wenziwe. Atakayefurahi kwamba Kiswahili kimepewa nafasi hiyo hana budi kumtetea pia Mwarlpiri katika nchi yake mwenyewe, kwani kanuni ni ileile.

Mambo matatu yangefaa kuzingatiwa. Kwanza, kila takwimu ya uenezi wa mawimbi itolewe pamoja na ramani ya ardhi na maelezo ya walio nje yake: ni akina nani, wanafanya kazi gani, na wakipatwa na moto au kimbunga wataambiwa na nani. Pili, mtambo wa zamani usizimwe mpaka mbadala wake ujaribiwe na watumiaji wa ule wa zamani, huko waliko, wala si na maafisa walio mjini. Tatu, leseni na fedha za kufikisha mawimbi kwa jamii ziambatane na fedha za kuiwezesha jamii hiyo kutangaza kwa lugha yake.

Chuma na umeme ni kazi ya mhandisi, na mhandisi wa Australia amekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kumfikishia habari hata mtu aliye chini ya bahari. Kilichosalia ni uamuzi kuhusu anayestahili kufikiwa na lugha atakayofikiwa nayo, na uamuzi huo si wa mhandisi peke yake. Wataalamu wa lugha wakiuacha kwa wahasibu, wasishangae watakapoambiwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo.